Mkunga na Jirani Zake: Mwongozo wa Kuchagua Samaki wa Kuishi Naye Tangi Moja

Watu wa Unguja na Pemba wamemjua mkunga kwa hofu zaidi kuliko kwa mapenzi. Mvuvi wa madema humkuta ndani ya dema akiwa amekwisha kuwararua samaki wengine walionaswa pamoja naye, na mwenye kuchokoa pweza mwambani maji yakitoka anajua kwamba shimo analolitilia kijiti linaweza kuwa na mkunga aliyelala humo kwa kumvizia pweza huyo huyo. Hata hivyo, wapo wanaomfuga nyumbani katika matangi ya maji ya chumvi, na suala linalowashughulisha ni kujua samaki gani anaweza kukaa naye bila ya kuliwa, na bila ya yeye mwenyewe kumdhuru mkunga. Mwongozo huu unalijibu suala hilo hatua kwa hatua. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba ujirani wa mkunga haupimwi kwa utulivu anaouonesha mchana, kichwa kikiwa nje ya shimo na mdomo ukifunguka na kufumba. Hupimwa kwa aina ya meno yake, na kwa yale yanayotokea baada ya taa kuzimwa.

Hatua ya kwanza: Mtambue mkunga kwa meno yake

Familia ya mikunga, ambayo kitaalamu huitwa Muraenidae, ina takriban spishi 200, na bahari ya Afrika Mashariki inazo nyingi. Kwa mfugaji, mgawanyo wenye manufaa kuliko yote ni wa makundi mawili: mikunga wenye meno butu, ambao huvunja magamba ya kaa na kamba, na mikunga wenye meno marefu yaliyochongoka, ambao hukamata samaki na pweza wateleziao. Asiyejua mkunga wake yumo katika kundi lipi hana njia ya kumchagulia jirani, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu humnunua mkunga kwa rangi yake.

Katika kundi la meno butu, aliye maarufu zaidi ni Echidna nebulosa, mwenye mwili mweupe wa kijivu, mabaka meusi yaliyopangika safu mbili na vidoa vya manjano ndani yake. Anaweza kufikia mita 1, ingawa katika tangi mara nyingi huishia chini ya hapo. Wa pili ni Gymnomuraena zebra, mwenye rangi ya kahawia iliyokoza na pete nyembamba nyeupe mwili mzima, ambaye hufikia mita 1.5 na ambaye, kwa maoni yangu, ndiye mpole kuliko mikunga wote wakubwa. Meno yake ni kama kokoto zilizopangwa, na chakula chake hasa ni kaa.

Kundi la meno makali ndilo linalohitaji hadhari. Gymnothorax favagineus, mweupe mwenye mabaka meusi yaliyosongamana, huvutia sana akiwa mdogo, lakini spishi hii hufikia mita 3. Gymnothorax javanicus, mkunga mkubwa wa miamba, naye hufikia mita 3 na uzito wa kilo 30, na hafai kwa nyumba ya mtu hata iwe kubwa namna gani. Gymnothorax undulatus, mwenye michoro ya mawimbi mwilini, hufikia mita 1.5 na ana sifa ya kuuma bila ya kuchokozwa. Katika kundi hili hili yumo pia Gymnothorax griseus, mdogo wa takriban sentimita 65, mwenye kichwa cheupe kilichopangwa vidoa vyeusi kwa mistari. Huyu huonekana baharini akikaa shimo moja na wenzake, na kwa hiyo ni chaguo la busara kwa mfugaji wa Zanzibar anayetaka mkunga wa meno makali asiyekuwa mkubwa kupita kiasi.

Ikiwa jina la spishi halijulikani, mtazame mdomoni anapopumua. Meno marefu kama sindano yanayoonekana wazi, hasa yale ya katikati ya taya la juu, yanatosha kukwambia kwamba samaki wadogo hawatasalimika. Kufungua na kufumba mdomo kwenyewe si kitisho. Ndivyo mkunga anavyopitisha maji kwenye mashavu yake.

Hapa pana neno la kusema kuhusu upatikanaji. Asidhani mtu kwamba bahari ni ya wote, kisha akavua atakapo. Kisiwa cha Chumbe ni hifadhi isiyoruhusu uvuvi, na Mnemba, Ghuba ya Menai, Misali na mkondo wa Pemba kwa jumla yana masharti yake. Basi ulizia kwanza kwa wenye mamlaka ya uvuvi kinachoruhusiwa. Samaki aliyepatikana kwa utupa asinunuliwe kabisa, hata akionekana mzima, kwani sumu ile humharibu na huenda akafa baada ya siku chache tangini. Aliyenaswa kwa dema akatolewa upesi, akiwa hana michubuko, ndiye bora.

Hatua ya pili: Pima nafasi kabla ya kuhesabu majirani

Tangi dogo humfanya mkunga mpole awe mkorofi. Kwa Echidna nebulosa anayekaa na samaki wengine, lita 400 ni kiasi cha kuanzia; kwa Gymnomuraena zebra, lita 600 au zaidi; na kwa Gymnothorax favagineus, lita 1,000 ni za muda tu, mpaka atakapokua. Pawepo mashimo mengi kuliko mikunga, na vipande vya bomba la plastiki vyenye upana wa kumpitisha mwili mzima vinafaa sana, kwa sababu mkunga mwenye shimo lake hana haja ya kumfukuza mwenzake katika lake. Mawe yawekwe juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga kutiwa, ili mkunga anapochimba asiangukiwe. Mfuniko uwe mzito na usiwe na upenyo wowote, hata ule wa kupitishia mpira wa hewa, kwa kuwa mkunga hupenya mahali ambapo mtu haamini kwamba angeweza kupita.

Mkunga hula nyama kwa wingi, na taka zake huongeza amonia katika maji upesi. Kila jirani anayeongezwa huongeza mzigo huo kwenye chujio. Katika visiwa vyetu uko mzigo wa pili ambao miongozo ya nchi za baridi haiutaji, nao ni joto. Halijoto inayofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, lakini katika miezi ya kaskazi tangi lililo katika chumba kisicho na hewa linaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo ilhali samaki wanaihitaji zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kuteremsha joto, ila inaongeza upotevu wa maji kwa mvuke, na upungufu huo ujazwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, si kwa maji ya bahari.

Halafu kuna umeme. Wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi takriban mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya umeme kutoka Tanzania Bara kuharibika. Tukio la aina hiyo ni nadra, lakini kukatika kwa saa kadhaa si nadra, na tangi lililojaa samaki wakubwa linaweza kumaliza oksijeni kabla ya umeme kurudi. Kwa hiyo idadi ya majirani isipimwe kwa uwezo wa chujio linapofanya kazi vizuri. Ipimwe kwa uwezo wa pampu ya hewa ya betri katika usiku wa joto. Ukifuata kipimo hicho, utakuta kwamba mkunga mmoja na majirani watatu au wanne wakubwa ni wengi vya kutosha katika tangi la kawaida la nyumbani.

Hatua ya tatu: Mpime jirani kwa umbo, malazi na tabia

Watu wengi hutumia kanuni kwamba mkunga hula kile tu kinachoingia kinywani mwake. Kanuni hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Rita Mehta na Peter Wainwright, walieleza katika jarida la Nature namna mkunga anavyotumia jozi ya pili ya taya iliyomo kooni: baada ya meno ya mbele kushika windo, taya hizo huchomoza mbele, hulinasa na kulivuta ndani. Mnyama mwenye nyenzo kama hiyo humeza windo kubwa kuliko unavyokisia ukitazama kichwa chake. Zaidi ya hayo, baadhi ya mikunga hupiga fundo kwa mkia wao wenyewe na kulipitisha mwilini hadi kichwani ili kupata nguvu ya kukata kipande cha nyama, au huuzungusha mwili mpaka windo likatike. Samaki asiyeingia kinywani anaweza basi kuliwa vipande vipande, hasa akiwa mgonjwa au amelala.

Kwa sababu hiyo, usipime urefu wa jirani, bali pima kimo cha mwili wake kutoka mgongoni hadi tumboni. Samaki mwembamba mrefu ana hatari hata akiwa na sentimita 20, ilhali samaki bapa mwenye mwili mpana, hata akiwa na sentimita 15, ni mgumu kumezeka. Ninapendelea jirani mwenye kimo cha mwili kinachozidi mara mbili kimo cha kichwa cha mkunga, na kwa mkunga wa meno makali nazidisha hapo. Kumbuka vilevile kwamba mkunga anakua, tena upesi akilishwa vizuri, na kipimo cha leo hakitoshi kwa mwaka ujao.

Baada ya umbo, uliza anapolala. Samaki wengi wa miambani hujibanza katika nyufa usiku, na nyufa hizo ndizo njia za mkunga, ambaye macho yake ni dhaifu lakini pua yake ni kali mno. Pono wa aina kadhaa hujifunika utandu wa ute wanapolala. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba utandu huo huwaficha wasinuswe na mkunga, mpaka watafiti walipoonesha kwamba huwakinga na vimelea wanyonya damu wa usiku. Iwe vyovyote iwavyo, pono hukwangua matumbawe kutwa nzima ili apate riziki, na hafai kwa tangi la nyumbani. Samaki anayelala maeneo ya wazi, au aliye na miiba ya kumkinga, yuko salama zaidi kuliko anayetafuta shimo.

Mwisho ni tabia. Jirani mwoga hatatoka kula, na jirani mgomvi atamng'ata mkunga, ambaye hana magamba ya kumkinga. Mkunga aliyejeruhiwa mkia kila siku huacha kutoka, kisha huacha kula.

Hatua ya nne: Wachague kwa majina

Kwa mkunga wa meno butu, uwanja ni mpana. Kangaja, wenye wembe ubavuni mwa shina la mkia, ni majirani wazuri wakianza na sentimita 12 au zaidi, kwa kuwa wana mwili mpana na wepesi wa kukwepa. Tahadhari iwe tu kwamba kangaja wawili wa umbo moja hupigana wao kwa wao. Tasi ni chaguo ninalolipa nafasi ya juu: hula mwani unaoota tangini, si mgomvi, na miiba yake yenye sumu humkatisha tamaa anayemvamia. Sumu hiyo hiyo itamuumiza mfugaji anayemshika kwa mkono mtupu, basi ahamishwe kwa chombo na si kwa wavu. Kitatange wakubwa, kama Pomacanthus imperator na Pomacanthus semicirculatus, ambao hufikia sentimita 40, hukaa vizuri na mikunga wa makundi yote mawili iwapo wamepewa nafasi. Lakini wale vitatange wadogo wanaodonoa matumbawe ni wagumu kulishika katika tangi na hawastahamili purukushani za ulaji wa mkunga.

Kwa mkunga wa meno makali, orodha hupungua haraka. Chewa ndiye mwenzake wa asili. Katika Bahari ya Shamu, Redouan Bshary na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchunguzi unaoonesha kwamba chewa wa aina ya Plectropomus pessuliferus humwendea Gymnothorax javanicus shimoni mwake, akamtikisia kichwa, kisha wakaenda kuwinda pamoja: mmoja akipekua nyufa, mwingine akingoja nje. Isidhaniwe hata hivyo kwamba ushirika huo utahamia tangini, ambako hakuna windo la kugawana. Faida ya chewa ni kwamba ni mkubwa, mwenye ngozi ngumu na asiyetishika. Cephalopholis miniata, mwekundu mwenye vidoa vya buluu, anayeishia kwenye sentimita 50 au chini yake, anafaa kuliko wale chewa wakubwa wa jenasi ya Epinephelus. Hatari hapa huwa upande wa pili: kinywa cha chewa ni kipana, na mkunga mchanga humezwa naye kama tambi. Basi mkunga awe mrefu na mnene kiasi cha kutomezeka kabla ya kukutanishwa na chewa.

Samaki mwenye mapezi marefu yenye miiba ya sumu, Pterois miles, anayejulikana kwa wafugaji kama samaki simba, mara nyingi huishi salama na mkunga kwa sababu ya miiba hiyo. Ananing'inia mahali pamoja, hafukuzi mtu, na hufikia takriban sentimita 35. Udhaifu wake ni ulaji wa polepole. Ukimweka na mkunga mwenye pupa atapungukiwa na chakula. Asiwekwe akiwa mdogo, kwani miiba michanga si kinga ya kutosha, na yeye mwenyewe humeza kila kidogo kinachompitia.

Vikande wanahitaji kupambanuliwa mmoja mmoja. Odonus niger, mwenye meno mekundu, na Rhinecanthus aculeatus, anayeonekana katika maji mafupi ya ndani ya mwamba pande za mashariki ya Unguja, wanaweza kujaribiwa katika tangi kubwa, wakiwekwa wangali wadogo kiasi na wakifuatiliwa kwa makini. Balistoides viridescens na Balistoides conspicillum wasiwekwe kabisa. Taya zao zimeumbwa kwa kuvunja matumbawe na magamba, na wakishazoea tangi huanza kumdonoa mkunga mkiani mpaka wamtoe damu.

Bunju naye huvutia watu kwa upole wa uso wake, lakini ana mdomo wa kukata na mwili wenye sumu. Akiumwa na mkunga, huenda ukapoteza wote wawili. Hatari zaidi ni samaki wa umbo la sanduku, wa jenasi ya Ostracion, ambaye akibughudhiwa hutoa sumu ndani ya maji inayoweza kuua kila kilichomo tangini. Hawa nawakataa moja kwa moja bila ya kujadiliana.

Kamba, kaa na pweza ni chakula cha mkunga na hawana hadhi ya jirani. Wapo kamba wadogo ambao baharini humsafisha mkunga mdomoni na wakaachwa salama. Tangini heshima hiyo haina dhamana, hasa kwa Echidna nebulosa anayeishi kwa kula kamba. Konokono wagumu na viti vya pweza kwa kawaida hawashughulikiwi. Matumbawe hayaliwi na mkunga, ila huangushwa, na maji yenye taka nyingi hayaafiki.

Mkunga wa pili anawezekana kwa masharti: wawe na unene unaokaribiana, waingizwe siku moja, na wasiwe wa zile spishi kubwa za Gymnothorax, ambazo hula mikunga wenzao bila ya kusita. Echidna nebulosa wawili, au Gymnothorax griseus wawili, ndio mwanzo unaokubalika. Rhinomuraena quaesita, yule mwembamba wa buluu na manjano, asichanganywe na yeyote kati ya waliotajwa. Ni mgumu kulishika hata akiwa peke yake.

Hatua ya tano: Fuata mpango wa kuwaingiza

Majirani waingie kwanza, mkunga aingie mwisho. Samaki aliyekwisha kujua maeneo ya tangi na mahali pa kulala usiku ana nafasi nzuri kuliko mgeni anayezungukazunguka gizani. Kabla ya hapo kila mmoja akae karantini katika tangi la pembeni kwa wiki nne. Sharti hili lina uzito wa pekee kwa mfugaji wa mkunga, kwa kuwa dawa za shaba zinazotumiwa sana kutibu vimelea vya samaki humdhuru mkunga, na ugonjwa ukishaingia katika tangi kuu hutaweza kulitibu maadamu yeye yumo ndani. Dawa za shaba basi zitumike katika tangi la karantini tu, na kwa samaki wanaozistahamili.

Ikilazimu kuongeza jirani baada ya mkunga kuzoea, mlishe mkunga ashibe siku iliyotangulia, badilisha mpangilio wa baadhi ya mawe, kisha mwingize mgeni asubuhi, taa zikiwa zimewaka, ili apate saa nyingi za mwanga za kuyajua maeneo. Kizuizi cha plastiki chenye matundu, kikigawa tangi kwa siku kadhaa, huwapa nafasi ya kuonana na kunusana bila ya kuumana. Hakikisha tu kwamba kizuizi kinafika chini kabisa na kinabana pembeni.

Mkunga mgeni anaweza kukataa chakula kwa wiki mbili au zaidi. Hilo lisikutie pupa ya kumpa samaki hai ili kumwamsha hamu, kwani utamfundisha kwamba chochote kinachoogelea karibu naye ni riziki.

Hatua ya sita: Lisha kwa utaratibu usiobadilika

Ujirani mwingi huvunjika wakati wa kulisha. Mkunga hunusa chakula, husisimka, kisha huuma kile kilicho karibu, kiwe kipande cha ngisi, ubavu wa kangaja au kidole. Kwa hiyo walishe kwanza majirani katika ncha moja ya tangi, na wakati wameshughulika, mpelekee mkunga chakula chake katika ncha ya pili, mlangoni pa shimo lake, kwa koleo refu la plastiki au la mbao. Mahali pawe pale pale kila mara. Mkono usitumike hata kwa mkunga uliyemlea miaka. Meno yake yameelekea ndani, jeraha lake huchimbika na aghalabu hupata maambukizi.

Mkunga mchanga alishwe mara mbili au tatu kwa wiki, na mkubwa mara moja au mbili. Soko la Darajani na diko la Malindi vina kila kinachohitajika: kaa wadogo, kamba, ngisi, vipande vya pweza na vya samaki weupe. Vigandishwe kwenye friza kabla ya kutumiwa, ili kupunguza vimelea, na vioshwe. Dagaa ni rahisi na wanapatikana kila mahali, lakini wasiwe chakula cha kila siku, kwani jamii nyingi za dagaa zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mkunga aliyelishwa hao tu kwa muda mrefu hudhoofika mishipa ya fahamu. Mwenye meno butu apewe zaidi kaa na kamba wenye magamba. Masalio yatolewe siku hiyo hiyo.

Usimshindishe mkunga na njaa kwa kudhani kwamba utamfanya awe mdogo. Mkunga aliyeshiba hulala shimoni na kuwaacha wenzake. Mwenye njaa huzunguka usiku kucha akipekua kila ufa.

Hatua ya saba: Watazame usiku, na uwe tayari kuwatenganisha

Katika wiki za mwanzo, litazame tangi baada ya taa kuzimwa, kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, ambayo haiwashtui sana. Angalia nani analala wapi, na kama mkunga anampitia tu au anamfuata. Mchana, angalia mapezi yaliyochanika, samaki wanaojikusanya kwenye pembe za juu karibu na uso wa maji, wanaohema kwa kasi, au mkunga mwenye vidonda mkiani. Samaki akikosekana asubuhi bila ya mzoga kuonekana, usingojee wa pili. Aliyewahi kufaulu mara moja atajaribu tena, na majirani waliobaki walio na umbo kama la aliyepotea watolewe siku hiyo.

Tangi la akiba la lita 150 au 200, lenye maji yaliyokomaa, yaani yaliyokwisha kuzungushwa na chujio kwa muda, na pampu ya hewa, liwepo tangu mwanzo hata kama halina mtu. Na pindi wa kutolewa akiwa mkunga mwenyewe, usimkimbize kwa wavu, kwani atajikunja ndani ya nyuzi, atajichubua ute unaomkinga, na huenda akapanda mkononi. Ngojea mpaka alale ndani ya kipande chake cha bomba. Vaa glavu nene, ziba ncha moja kwa kizibo au kitambaa kigumu kilichofungwa vizuri, ziba ya pili upesi, kisha liinue bomba lote pamoja naye na ulizamishe katika tangi la pili kabla ya kufungua, ukianza na ncha iliyo mbali nawe.